Sam Gilliam na turubai lililowambuliwa

Karibu kila anayeandika kuhusu Sam Gilliam huanza na kamba ya kuanikia nguo. Husimuliwa kwamba mchoraji huyu Mmarekani mweusi, siku moja katika miaka ya 1960, alichungulia dirishani mwa chumba chake cha kazi mjini Washington, akaona nguo zilizofuliwa zikipepea kwenye kamba, na papo hapo akapata wazo la kuitoa picha kwenye kiunzi chake cha mbao na kuiacha ining'inie. Ni hadithi tamu, ndiyo maana imedumu. Gilliam mwenyewe, kwa nyakati tofauti, alitoa maelezo tofauti kuhusu chanzo cha kazi hizo, nami sioni haja ya kumchagulia moja. Shida yangu na kamba ya nguo ni nyingine: inaufanya uamuzi uliopikwa kwa miaka ya majaribio uonekane kama bahati ya mtu aliyekaa dirishani, na tena inalifunika swali lenye uzito zaidi. Picha ikishaondolewa kiunzi, ni nani anayeamua ikae vipi?

Kiswahili kinatupa neno zuri la kulianzia swali hilo. Tunawamba ngoma, tunawamba kitanda cha kamba, na mchoraji anapokivuta kitambaa juu ya mbao nne zilizoungwa, akakikaza kwa misumari midogo upande wa nyuma, naye anawamba. Kitu kilichowambwa hakina hiari. Hakilegei, hakipepei, wala hakibadiliki kwa sababu mtu amefungua mlango. Tunaposema mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake, kwa kawaida tunamsema mtu anayependelea upande wake katika shauri, lakini methali hiyo ikirudishwa kwenye maana yake ya mikononi inaeleza barabara uhusiano wa mchoraji wa Ulaya na turubai lake kwa muda wa karne tano hivi. Aliyewamba ndiye aliyekata shauri. Pembe nne, uso bapa, juu ni hapa na chini ni pale: yote hayo yalikwisha amuliwa kabla picha haijatoka mlangoni, na aliyeinunua alipokea kitu kilichokamilika, akabakiwa na kazi ya kutafuta msumari tu.

Utaratibu huo, hata hivyo, si wa kale kama unavyojionyesha. Wachoraji wa Ulaya walichora kwanza juu ya lipu ya kuta na juu ya mbao. Mji ambao turubai lilishika nafasi mapema na kwa nguvu ni Venice, kuelekea mwisho wa karne ya 15 na katika karne ya 16, na sababu zake zilikuwa za kimazingira zaidi kuliko za kisanaa: unyevu wa bahari uliila michoro ya ukutani, na mji uliokuwa ukiunda meli kwa wingi haukukosa kitambaa cha matanga. Kitambaa kikavuliwa kazi ya upepo kikapewa kazi ya ukuta. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa tanga ni nini, na yeyote aliyewahi kufiwa au kuozesha mtaani kwetu anajua turubai kama kitu kinachofungwa kwa kamba juu ya vichwa vya watu, kinachojaa upepo, na mvua ikinyesha hutuamisha maji katikati mpaka kijana mmoja asimame juu ya kiti alisukume kwa mti, na maji yamwagike yote upande mmoja, mara nyingi juu ya masufuria. Kwa maana hiyo turubai la Gilliam halitushangazi sana. Lililo geni kwetu ni lile lililowambwa.

Gilliam alizaliwa Tupelo, jimbo la Mississippi, tarehe 30 Novemba 1933, akakulia Louisville, Kentucky, na katika chuo kikuu cha mji huo akasomea sanaa mpaka akapata shahada ya uzamili mwaka 1961. Kati ya shahada ya kwanza na ya pili alilitumikia jeshi. Mwaka 1962 alimwoa Dorothy Butler, mwandishi wa habari aliyekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa ripota wa The Washington Post, wakaweka makazi Washington. Kazi ya mke ndiyo iliyomfikisha mume kwenye mji huo, na bahati ilitaka mji huo uwe na wachoraji wa aina ya pekee.

Wachoraji hao, ambao baadaye waliitwa kwa pamoja Washington Color School, walikuwa wamechota kwa Helen Frankenthaler wa New York. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 23, Frankenthaler alitandaza sakafuni turubai ghafi, yaani kitambaa ambacho hakijapakwa rangi ya msingi, akakimwagia rangi iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Rangi haikukaa juu, ilizama. Mwaka uliofuata Morris Louis na Kenneth Noland walimtembelea katika chumba chake cha kazi, wakarudi Washington na jambo la kuwatosha kwa miaka kumi. Louis alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kulia chakula nyumbani kwake, chumba kilichokuwa kidogo kuliko baadhi ya picha alizochoramo, na hakupenda mtu amwone akiwa kazini. Alifariki mwaka 1962, mwaka uleule Gilliam alioingia mjini.

Nawataja hawa kwa sababu wamefika nusu ya safari, na nusu hiyo ndiyo inayoonyesha ukubwa wa hatua iliyobaki. Louis na Noland walikiri kwamba kitambaa ni kitambaa: kinanyonya, kina nyuzi, kina uzito. Wakakinywesha rangi mpaka rangi na nguo zikawa kitu kimoja. Kisha, kazi ilipokwisha, wakakiwamba kama alivyowamba kila mtu kabla yao, na picha ikaenda ukutani ikiwa bapa na yenye pembe nne. Kitambaa kiliruhusiwa kuwa kitambaa wakati wa kuchorwa, lakini si wakati wa kutazamwa.

Gilliam alipita kwenye mlango huo kwa hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1967. Alilitandaza turubai ghafi chini, akalimwagia rangi ya akriliki iliyozimuliwa, mara nyingine akanyunyiza unga wa alumini ili mwanga upate kuteleza juu yake, na kabla halijakauka akalikunja. Akaliacha lilale limekunjwa, rangi ikitafuta njia yake gizani, kisha akalikunjua. Kila palipogusana pamepigana chapa: doa la upande huu lina pacha wake upande ule, na katikati unapita mstari mrefu, mkavu, ulionyooka kuliko mstari wowote ambao mkono ungeuchora. Maturubai ya namna hiyo bado aliyawamba, ila juu ya viunzi vinene ambavyo kingo zake zimechongwa mshazari kuelekea nyuma, hivi kwamba picha inaonekana kama imejitenga na ukuta na inamjia mtazamaji. Anayezitazama kazi hizi leo anaweza kuona kwamba kiunzi kimeanza kumsumbua mchoraji. Amekichonga, amekinenepesha, amekificha, lakini bado kipo.

Hatua ya pili ilikuwa mwaka 1968: alikiacha. Turubai likabaki na urefu wake wote, likashikwa hapa na pale, likafungwa fundo, likaachiwa lianguke kwa uzito wake. Mwaka 1969, katika maonyesho aliyoshiriki pamoja na wasanii wenzake Rockne Krebs na Ed McGowin pale Corcoran Gallery of Art mjini Washington, kazi moja iitwayo Baroque Cascade ilining'inizwa kutoka kwenye dari ya ukumbi. Ni kitambaa chenye urefu wa karibu mita 45. Huwezi kusimama mbele ya kitu cha namna hiyo, kwa kuwa hakina mbele. Unapita chini yake, unakizunguka, unainua shingo, na mtu aliyesimama ng'ambo anakiona kitu ambacho si hicho unachokiona wewe.

Kuna jambo moja kuhusu kazi hizi ambalo picha za kwenye kioo cha simu huliua kabisa, nalo linastahili kuelezwa polepole. Turubai lililoning'inia lina mikunjo ya aina mbili. Ya kwanza ni ile ya siku ya rangi, mikunjo ambayo haipo tena ila imeacha alama yake ndani ya nyuzi: mistari, mapacha ya madoa, mbavu za rangi nyeusi zaidi mahali ambapo maji yalituama. Ya pili ni mikunjo ya leo, inayotokana na namna kitambaa kilivyofungwa darini asubuhi hii, nayo ina kivuli cha kweli, inajaa na kunywea. Aina hizi mbili hazifuatani. Mkunjo wa sasa unaukata ule wa zamani, unaificha nusu ya doa na kulileta pacha wake karibu na doa jingine ambalo halikuwahi kukutana nalo. Jicho linapepesuka kati ya kivuli kilichochorwa na kivuli kilichopo. Wachoraji wa Ulaya walitumia karne nyingi kujifunza kuchora mikunjo ya nguo za watakatifu juu ya kitambaa kilichokazwa kisiwe na mkunjo hata mmoja. Gilliam aliitoa ile nguo ya kuchorwa akaiacha nguo yenyewe ijikunje. Nadhani neno baroque, ambalo ni jina la sanaa ya Ulaya ya karne ya 17 iliyopenda mikunjo na mwendo, halikuwekwa ovyo katika jina la kazi ile ya 1969.

Hapa inafaa niweke tahadhari, kwa sababu maandishi ya kumsifu msanii hupenda sana neno "wa kwanza". Gilliam hakuwa peke yake. Hélio Oiticica wa Brazili, tangu mwaka 1964, alikuwa akiwavisha watu vitambaa vya rangi wavicheze. Kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa miaka hiyohiyo, Claude Viallat na wenzake walikuwa wakichora juu ya vitambaa visivyo na kiunzi. Joe Overstreet, aliyezaliwa Mississippi mwaka uleule wa 1933, alizikaza turubai zake kwa kamba kati ya dari, ukuta na sakafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Al Loving alizichana zake akazishona upya. Tofauti kati ya Overstreet na Gilliam ni ya kutazamwa kwa makini kuliko mashindano ya tarehe. Turubai la Overstreet limevutwa na kamba. Lina mkazo, linafanana na hema, na kamba yenyewe, kwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa kusini, haiwezi kuwa kamba tu, kwa kuwa ni kamba iliyotumika kunyongea watu mitini. La Gilliam limelegea. Ulegevu huo wengi wamesema ni uhuru, nami nimeshindwa kuridhika na jibu hilo, kwa kuwa kitambaa kilichoachiwa hakiendi popote. Kinafuata uzito wake. Walioamua ni mvutano wa ardhi, mahali palipofungwa fundo, na urefu wa dari.

Mwaka 1968 si mwaka wa kutajwa kwa sababu ya sanaa peke yake. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis, na usiku huohuo moto ukaanza kuwaka katika mitaa ya watu weusi ya Washington, ikiwamo Mtaa wa 14 na Mtaa wa U. Msanii mweusi aliyeishi mjini humo alitazamiwa aseme jambo, na aliseme kwa sura za watu: ngumi, nyuso, minyororo iliyokatika. Gilliam amewahi kusimulia kwamba Stokely Carmichael, mwanaharakati wa haki za weusi, aliwakusanya wasanii weusi wa mji akawaeleza kuwa anawahitaji, lakini itawabidi waachane na picha zao za kupendeza. Shutuma ya aina hiyo ilimfuata kwa miaka mingi. Wazungu wenye majumba ya sanaa hawakujua wamweke wapi kwa kuwa alikuwa mweusi. Baadhi ya weusi wenzake hawakujua wamweke wapi kwa kuwa hakuchora weusi.

Alichokifanya ni kuipa picha tarehe. Kazi yake ya 1969 iliyomo katika jumba la sanaa la Marekani la Smithsonian inaitwa April 4. Ni pana, zaidi ya mita 4 na nusu kwa karibu mita 3 kasoro kidogo kwenda juu, imewambwa, na imejaa zambarau na waridi vilivyofifia kama kitambaa kilicholowa na kukauka mara nyingi; juu yake yametapakaa madoa mekundu. Hakuna uso wa King, hakuna roshani ya hoteli alipopigiwa risasi. Bila jina lake, ungeweza kusema ni machweo. Jina likishasomwa, hakuna tena namna ya kuyaona madoa yale kama madoa ya rangi tu. Kiswahili kina bahati ya kuita matanga vitu viwili, nguo za kuendeshea chombo na siku za kukaa na wafiwa, na sidhani kuna lugha nyingine ambayo ingekiita kitambaa hiki kwa usahihi zaidi.

Wanaosema kwamba Gilliam alijificha ndani ya rangi wanapaswa kulikumbuka pia jambo la mwaka 1971. Jumba la sanaa la Whitney la New York liliandaa maonyesho ya wasanii weusi wa wakati huo, na baada ya uongozi wake kukataa madai kwamba wataalamu weusi washirikishwe ipasavyo katika kuyaandaa, kundi la wasanii walioalikwa lilijitoa. Gilliam alikuwa mmoja wao. Mtu anayejali kazi yake peke yake haondoki Whitney kwa hiari. Nadhani alitofautisha mambo mawili ambayo wakosoaji wake waliyachanganya: kudai haki ya nani anaingia katika jumba la sanaa na nani anaamua, na kuambiwa achore nini akishaingia. La kwanza alilipigania pamoja na wengine. La pili hakulikubali kutoka kwa mtu yeyote, mweupe wala mweusi.

Mwaka 1972 alipelekwa Venice. Alikuwa mmoja wa wasanii waliowekwa katika banda la Marekani kwenye maonyesho ya kimataifa ya mji huo, na mara nyingi hutajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Iliwabidi wengine wangoje hadi 1997 ndipo msanii mweusi, Robert Colescott, alipopewa banda zima peke yake. Tukio lenyewe lilipita bila kubadilisha maisha yake sana. Ila siwezi kulipita bila kusema kwamba mji uliochukua kitambaa cha tanga ukakipigilia kwenye mbao ndio uliompokea mtu aliyekuja kukiwambua. Alirudi huko mwaka 2017, akiwa na umri wa miaka 83, na vitambaa vyake vikaning'inizwa mbele ya mlango wa jengo kuu, nje, kwenye upepo uleule wa bahari.

Narudi sasa kwenye swali la mwanzo. Picha iliyowambwa inasafirishwa ikiwa imekamilika. Turubai la Gilliam linasafirishwa likiwa limekunjwa, na linapotolewa kwenye sanduku si picha bado, ni mzigo wa nguo yenye rangi. Lazima mtu apande ngazi. Lazima apime dari, achague mahali pa kushikia, aamue ni kiasi gani cha kitambaa kitamwagika sakafuni na kiasi gani kitabaki hewani. Kazi ya mwaka 1973 iliyomo katika jumba moja la sanaa mjini Chicago, ambayo jina lake linamtaja seremala, imewekwa juu ya farasi za mbao, zile za kukatia mbao kwa msumeno, na kitambaa kimemwagwa juu yake kana kwamba fundi ametoka kidogo kwenda kula. Mwaka 1975 alitundika maturubai makubwa kwenye kuta za nje za jumba la sanaa la Philadelphia, akayaita Seahorses, na huko jua, mvua na upepo vilipewa sehemu yao katika kazi. Mwaka 2019, katika jumba la sanaa la Dia lililoko Beacon, jimbo la New York, maturubai mawili ya mwaka 1968 yalitundikwa pamoja yakawa kazi moja iitwayo Double Merge. Kazi ya miaka hamsini na moja ilikuwa mpya, na haikuwa imeguswa kwa tone moja la rangi.

Wapenzi wa taarabu wataelewa upesi kuliko wataalamu wa sanaa. Wimbo ni mmoja, maneno ni yaleyale, lakini mwimbaji wa leo anaupanda mahali ambapo wa jana alishuka, na hakuna anayesema wimbo umeharibika. Gilliam mwenyewe alikuwa mtu wa jazi. Aliipa kazi moja jina la utani la mwimbaji Billie Holiday, Lady Day, na alimtaja mpiga saksafoni John Coltrane kama mtu aliyemfunza jambo kuhusu kutandaza. Tofauti iliyopo ni kwamba wimbo hauna mwenye nyumba, ilhali turubai linamilikiwa. Jumba la sanaa lililolilipia linataka kujua limenunua nini hasa: kitambaa, au umbo? Nani atawajibika kitambaa kikichanika pale kilipofungwa fundo mara ya ishirini? Bima inaandikwa kwa umbo lipi?

Barani mwetu swali hili linamhusu pia El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, ambaye huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya mpaka vinakuwa kama nguo kubwa ya chuma. Yeye huwaachia kwa makusudi watu wa majumba ya sanaa waikunje nguo hiyo wanavyoona, na husema wazi kwamba anataka iwe hivyo. Gilliam hakuwa mkarimu kiasi hicho. Alipenda kuwapo, kuvuta mwenyewe, kusema fundo hili lishushwe kidogo. Kwa maneno mengine, alikiondoa kiunzi cha mbao lakini hakuiondoa mikono ya mwambaji. Ngozi aliendelea kuivuta kwake, isipokuwa sasa aliivuta upya kila mara, na mbele ya watu. Naona hapo ndipo sifa za "ukombozi wa turubai" zinapopotoka. Kiunzi kilikuwa kikimfanyia mchoraji kazi hata akiwa amelala, hata akiwa amekufa. Gilliam alikiachisha kazi hiyo akaibeba yeye.

Mzigo huo una bei, na aliilipa. Kwa miongo mingi alibaki Washington wakati soko liko New York, na mkusanyaji wa kawaida alijiuliza kitu kama hicho atakiweka wapi nyumbani kwake. Wala hakufanya kuwambua kuwe dini. Katika miaka ya 1970 iliyofuata alirudi kwenye viunzi, akachora kwa rangi nzito nyeusi aliyoikwangua kama shamba lililolimwa, akakata picha zake na kuziunga vipande vipande kwa mtindo wa mablanketi ya viraka ya kusini mwa Marekani. Soko lilimkumbuka akiwa mzee: baada ya mwaka 2012 jumba la biashara ya sanaa la David Kordansky la Los Angeles lilianza kumuuza, na mwaka 2018 Lady Day II ya mwaka 1971 ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwezi Mei 2022 jumba la sanaa la Hirshhorn la Washington lilifungua maonyesho ya kazi zake mpya, nazo zilikuwa picha za duara, juu ya viunzi vya mbao vyenye kingo za mshazari kama vile vya 1967. Maonyesho yakiwa bado wazi, tarehe 25 Juni, akafariki nyumbani kwake akiwa na miaka 88.

Picha zile za duara hazina shida. Zina msumari wake na zitakaa ukutani jinsi alivyoziacha. Yale maturubai marefu ndiyo yaliyobaki kwenye masanduku, pamoja na picha za kamera zinazoonyesha yalivyotundikwa zamani. Atakayetaka kuifuata picha ya mwaka 1969 kwa uaminifu atagundua kwamba ukumbi wenyewe haupo tena mikononi mwa waliomwalika: taasisi ya Corcoran ilivunjwa mwaka 2014, mkusanyo wake ukagawanywa, jengo likapewa chuo kikuu. Itambidi apande ngazi chini ya dari nyingine, afungue sanduku, aanze kutafuta mahali pa fundo la kwanza.